Ziara ya Kilembe: Handaki Linaonyeshwa, Mto Unapitwa Haraka

Ziara niliyoilipia mwezi wa Agosti ilikuwa ya siku moja na usiku mmoja: kutembezwa katika mji wa mgodi wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, kisha kulala katika mojawapo ya nyumba za zamani za kampuni ambayo siku hizi inapokea wageni. Wanaoiendesha ni kikundi kidogo cha wenyeji wa bonde hilo, na sitakitaja kwa jina kwa kuwa yapo mambo nitakayoyalalamikia, nao bado wanaijenga kazi yao. Nilitoa shilingi 120,000 za Uganda kwa kila kitu isipokuwa chakula cha mchana. Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria kwenda, na hasa kwa walimu wanaotafuta pa kuwapeleka wanafunzi wao, maana ni mahali pachache Afrika Mashariki ambapo mtu anaweza kuona kwa macho yake, kwa mwendo wa miguu wa asubuhi moja, kile ambacho mgodi huacha nyuma wenye mali wakishaondoka.

Sikwenda kama mgeni mtupu. Baba yangu alikuwa karani wa mabehewa katika reli ya Afrika Mashariki, na miaka yake mingi ya kazi aliimalizia Jinja, ambako shaba ya Kilembe ilikuwa ikiyeyushwa. Nyumbani kwetu Kilembe ilitajwa mezani kama watu wengine wanavyomtaja mjomba aliye mbali: Kilembe imechelewa, Kilembe imeleta mabehewa pungufu, Kilembe leo haikuleta kitu. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, mwaka uleule mgodi ulipoanza kuzalisha, na kwa kiasi kikubwa ilijengwa kwa sababu ya shaba hiyo. Jiwe lilisagwa na kuchenjuliwa Kilembe, mzigo ukapakiwa Kasese, ukayeyushwa Jinja kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, kisha shaba ghafi ikashuka kwa reli hadi Mombasa na kupanda meli, sehemu yake kubwa ikielekea Japani. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa ya tatu katika mauzo ya Uganda nje ya nchi, baada ya kahawa na pamba. Nilikua nikiamini kwamba Kilembe ni mji wa kitajiri, na baba aliondoka duniani bila kuufikia.

Kutoka Kampala hadi Kasese kwa basi ni safari ya kukumaliza siku, na kutoka Kasese hadi Kilembe ni mwendo mfupi wa kilomita 10 hivi ambao kikundi hiki huwachukua wageni kwa gari lao dogo. Gari lilikuja kwa wakati, dereva alikuwa mpole, na kwa hilo sina neno. Barabara inaufuata mto Nyamwamba kinyume cha mkondo, bonde linazidi kubana, milima inazidi kusogea, na kabla hujauona mji unakutana kwanza na mawe: mawe meupe ya mviringo, mengine makubwa kuliko gari tulilopanda, yamelala pande zote mbili za mto na hata mahali palipokuwa na nyumba. Dereva hakuyasemea lolote. Nilipomuuliza alijibu tu, “Ni mto, mama,” akaendelea kuendesha.

Wanaokitangaza Kilembe huwa wanapenda kukiita mji uliokufa, na tangazo la ziara hii pia linasema hivyo. Ningewaomba walifute neno hilo. Kilembe si mahame. Nyumba za safu zilizojengwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi bado zina watu, nguo zimeanikwa, watoto wamevaa sare wanatoka shule, mama mmoja anauza ndizi mbivu mbele ya jengo ambalo madirisha yake yote yameondolewa. Kilichokufa ni kazi. Watu wanaishi ndani ya mji uliojengwa kwa ajili ya mshahara ambao haupo tena tangu 1982: paa zinavuja kwa kuwa hazikuwa zao kuzitengeneza, mifereji imeziba kwa kuwa aliyekuwa akiizibua alikuwa ameajiriwa, na reli nyembamba za vigari vya mawe zimekatwa vipande na kuuzwa kama chuma chakavu. Mtu akisikia kwamba mji umekufa atakuja na kamera yake kupiga picha za kutu, naye atampita yule mama wa ndizi bila kumwona.

Mwongozaji wetu ndiye anayeipa ziara hii thamani yake yote. Ni mzee wa Kikonzo, kabila la wenyeji wa milima hii, aliyeingia mgodini akiwa kijana, msaidizi wa fundi umeme, na alikuwepo siku mashine ziliponyamaza. Nilimwamkia, “Shikamoo, mzee,” naye akaitikia, “Marahaba, binti yangu. Lakini Kiswahili changu nilikijifunza shimoni, mahali kitakapovunjika wewe kiunganishe.” Hakikuvunjika hata mara moja. Aliniambia kwamba mle ndani walikuwamo watu wa makabila mengi, wengine kutoka Kongo na wengine kutoka Kenya, na lugha ya hatari ilikuwa moja: mtu akitaka kukuambia ukimbie, alikuambia kwa Kiswahili. Wageni wawili wengine tuliokuwa nao walikuwa wanafunzi wa chuo kutoka Mbarara, na kila walipouliza kwa Kiingereza aliwajibu kwa Kiingereza, kisha akanigeukia na kunirudia kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza alifanye.

Ziara inaanzia mdomoni mwa handaki. Tulipewa kofia ngumu, gambuti na tochi za kichwani. Hapa pana lawama yangu ya kwanza: kofia yangu haikuwa na ukanda wa kidevu, ya mmoja wa wanafunzi ilikuwa na ufa, na tochi ya akiba ilikuwa moja tu, mfukoni mwa mzee mwenyewe. Tulikwenda kama hatua 200 tu ndani, mahali ambapo kikundi kimeridhika kwamba mwamba ni imara, na mzee hakumruhusu mtu yeyote kumtangulia. Hata hivyo, anayepokea fedha za watu na kuwaingiza chini ya mlima anapaswa kuwa na kofia nzima na tochi mbili kwa kila mmoja. Nilipolisema hilo ofisini jioni, msichana wa mapokezi aliliandika daftarini. Natumaini halikuishia daftarini.

Ndani ni baridi, maji yanafika kwenye vifundo, na ukutani unaona kwa mwanga wa tochi mistari ya kijani iliyolia kutoka kwenye mwamba, kijani cha sarafu ya zamani. Hapo mzee alifanya jambo ambalo nimelikumbuka tangu siku ile. Alituambia tuzime taa zote, tukasimama gizani tukisikia matone, kisha akasema, “Sasa hesabuni pamoja nami.” Katika kila tani moja ya jiwe walilolitoa humu, shaba ilikuwa kama kilo 20. Kilo 980 zilizobaki zilikuwa jiwe lisilo na mnunuzi. Mgodi ulifanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982, na jiwe lililotolewa lilikuwa takribani tani milioni 16. Akanyamaza kidogo, akawasha taa yake, akauliza, “Zile kilo 980 mnadhani ziko wapi?”

Swali hilo ndilo ziara nzima ilipaswa kulijibu. Lakini ratiba iliyochapishwa inatoa saa moja na nusu kwa handaki, saa moja kwa kiwanda cha kuchenjulia, nusu saa kwa klabu ya wafanyakazi na nyumba za mameneja, na dakika 20 tu, mwishoni kabisa, kwa “matembezi ya mtoni”. Ningekuwa mwalimu ningeipindua ratiba hiyo juu chini.

Kiwandani mzee alieleza vizuri jinsi kazi ilivyokwenda, na ninaiandika hapa kwa ufupi kwa sababu bila kuielewa mtu hawezi kuelewa mto. Jiwe lilisagwa mpaka likawa unga laini, likachanganywa na maji na dawa, likapuliziwa hewa. Chembe za shaba zikashikamana na povu na kupanda juu, povu likakombwa, likakaushwa, likapelekwa Kasese. Unga uliobaki ulikuwa umelowa, mwingi kupita kiasi, na bonde ni jembamba, kwa hiyo ulimwagwa palipokuwa na nafasi, na nafasi ilikuwa kando ya mto. Ndani ya unga huo mna madini ya chuma na salfa, yale yang’aayo kama dhahabu ya uongo, na mna kobalti, nikeli, zinki na shaba ambayo povu halikuikamata. Madini hayo yakiwa ndani ya mlima hayamdhuru mtu. Yakishasagwa na kuachwa juani na mvuani, hewa na maji huyageuza kuwa tindikali, na tindikali hiyo huziyeyusha zile metali nyingine na kuzitia majini. Kazi hiyo haihitaji mfanyakazi wala umeme, na haikusimama mwaka 1982.

Kuhusu kufungwa kwenyewe mzee hana maneno mengi. Kampuni iliyouanzisha mgodi ilikuwa ya wawekezaji wa Kanada, waliokuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakati wa utawala wa Idi Amin wageni waliondoka, serikali ikauchukua mgodi, vipuri vikaadimika, bei ya shaba duniani ikashuka, na mwishowe pampu moja ikiharibika ilikuwa inachukuliwa ya handaki jingine kuja kuiokoa. Alionyesha ukuta ambapo saa ya kuingilia kazini ilikuwa imetundikwa. Umebaki mviringo mweupe usio na masizi. Baadaye treni nazo zikaacha kufika Kasese. Nilitaka sana kumwambia kwamba baba yangu alikuwa mwisho wa pili wa reli ileile, nikamwambia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema, “Basi alikuwa akipokea jasho letu.”

Saa nane kasoro tulikuwa tumefika mtoni, na saa nane juu ya alama gari lilitakiwa kuturudisha kwa chakula. Niliomba tubaki. Wanafunzi waliniunga mkono, mzee akampigia simu dereva, na kwa saa mbili zilizofuata tulipata ziara ambayo haimo kwenye tangazo.

Malundo ya mabaki yanaanza pale majengo yanapoishia. Kwa mbali ungedhani ni vilima vya mchanga wa kijivu. Kwa karibu unaona kwamba juu yake hapaoti kitu isipokuwa nyasi chache ngumu, na kwamba upande wa mtoni yamekatwa wima kama mkate uliokatwa kwa kisu. Mto ndio uliokata. Nyamwamba hutoka juu kwenye Rwenzori na kushuka kwa mteremko mkali sana, na mvua kubwa ikinyesha juu hushuka na mawe na magogo yote yaliyo njiani. Mafuriko ya Mei 2013 yaliua watu, yakawaacha maelfu bila makazi na kuingia hospitalini; Mei 2014 maji yakarudi; na Mei 2020 yalikuja makubwa zaidi, yakaiharibu Hospitali ya Kilembe mpaka huduma zikahamishiwa mjini Kasese. Tulisimama mahali ambapo wodi zilikuwa. Kuna kipande cha sakafu ya vigae vyeupe, safi kabisa, kikubwa kama meza ya kulia, kimening’inia ukingoni, na chini yake ni mawe na maji. Watoto watatu wa mzee walizaliwa humo. Kila mafuriko yalipopita yaliondoka na sehemu ya malundo, na ule unga uliolala miaka 40 ukasambazwa mashambani, visimani na katika bustani za watu mpaka chini Kasese.

Hapo mtoni kuna jiwe moja kubwa, refu kunizidi, ambalo mzee amelipaka alama za rangi nyekundu, moja juu ya nyingine. Ndicho kipimo chake cha maji. Mvua ikinyesha usiku huamka, huenda na tochi, hutazama mto umefika alama gani, na ukipita ya tatu huwapigia simu majirani walio karibu na ukingo. Rangi hununua yeye mwenyewe. Niliigusa alama ya juu kabisa kwa kunyoosha mkono.

Kando ya malundo kuna vijito vidogo vinavyotoka chini ya mabaki, na huko ndiko mtu anayaona yale yaliyoelezwa kiwandani. Maji ni maangavu ukiyateka kiganjani, lakini mawe yote yanamopita yana rangi ya kutu ya machungwa, na hapana mwani, hapana kiluwiluwi, hapana hata mdudu. Hatua chache tu kutoka hapo pana bustani ya mchicha, dodo kama wanavyoita huku, imepandwa kwa mistari iliyonyooka na mtu aliyejitahidi sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa nje wamepima udongo, mboga, maji na hata vumbi la ndani ya nyumba za Kilembe katika muongo uliopita, na wamekuta metali hizo kwa viwango vya kutia wasiwasi. Mwenye bustani alipotuona alitusalimia, na mwanafunzi mmoja akataka kumwambia. Mzee alimzuia kwa upole: “Anajua. Niambie wewe apande wapi.” Bonde ni jembamba, kila palipo tambarare pamewekwa nyumba, mabaki au mto. Hatukuwa na jibu.

Ziara haiendi mbali zaidi ya hapo, na nadhani ni kosa, kwa sababu mabaki hayakuishia Kilembe. Madini ya salfa yenye kobalti yalitenganishwa na kulundikwa nje ya mji wa Kasese kwa miaka mingi, yakisubiri siku ambayo kobalti ingekuwa na bei. Mvua iliyapitia na kubeba tindikali hadi ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, ikaua mimea na kuacha ukanda mtupu unaoelekea Ziwa George, ambalo ndilo eneo la kwanza la Uganda kuandikishwa katika mkataba wa kimataifa wa ardhioevu wa Ramsar, mwaka 1988. Kiwanda cha kobalti kilijengwa Kasese na kufanya kazi kuanzia 1999 hadi 2013, kikitumia bakteria kuyavunja madini hayo, na ni haki kusema kwamba kililiondoa lundo lile. Udongo uliokwisha kuungua umebaki. Mzee alitueleza haya wakati wa chakula, tulipokuwa tukila ngege, yaani perege, wa Ziwa George kwa obundu, ugali wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo, na mwanafunzi mmoja akauacha uma wake mezani kwa muda. Mzee akamwambia ale, kwamba ziwa ni kubwa na samaki ni wa halali, lakini niliona naye aliyasema hayo akitazama sahani yake. Chakula chenyewe kilikuwa kitamu sana, kimepikwa na mama mmoja katika banda la mabati karibu na soko, na bei yake ilikuwa ndogo mno kwa kazi iliyofanyika.

Sasa malazi. Nyumba ni ya matofali, imejengwa kwa ajili ya msimamizi fulani wa miaka ya 1950, ina sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inang’aa na veranda inayotazama mlima. Kitanda kilikuwa safi, chandarua hakikuwa na tundu, na blanketi mbili zilitosha kwa baridi ya usiku. Ila chumbani palikuwa na jagi la maji lililofunikwa kitambaa kilichofumwa, na nilipouliza maji hayo yametoka wapi, mhudumu wa kwanza aliniambia ya bomba, wa pili akasema ya chemchemi, na asubuhi kijana wa bustani akaniambia kwamba bomba likikatika huyateka mtoni. Huenda wote watatu walisema kweli kwa siku tofauti. Lakini katika bonde ambalo nimeonyeshwa mchana kutwa kwamba kuchemsha maji hakuondoi metali, swali la jagi la mgeni lilipaswa kuwa na jibu moja, nalo liwe limeandikwa na kubandikwa ukutani. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote. Halihusu mgeni peke yake: wahudumu wale wanakunywa maji hayohayo mwaka mzima, na walionijibu tofauti walijibu tofauti kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Lalamiko jingine ni la fedha. Sikupewa risiti mpaka nilipoidai, na hakuna aliyeweza kunieleza ni kiasi gani cha shilingi zangu kinamfikia mzee. Tangazo linasema ziara “inaisaidia jamii”. Naamini inasaidia, maana dereva, mpishi, wahudumu na mwongozaji wote ni wa hapo. Hata hivyo mtu anayenunua rangi ya kupimia mafuriko kwa fedha zake mwenyewe angeweza kununuliwa kopo moja na kikundi kinachoishi kwa maneno yake.

Jioni, tukiwa verandani, nilimuuliza mzee kama angependa mgodi ufunguliwe tena. Nilidhani baada ya siku ile angesema hapana. Alisema ndiyo, kabla sijamaliza swali. Serikali ilitafuta mwekezaji kwa miaka mingi. Mkataba mmoja na kampuni ya Kichina ulitiwa saini 2013 na kuvunjwa 2017, na kila mara habari zinapovuma watu wa bonde hili huanza kuhesabu nani katika ukoo ana cheti gani. Wajukuu wake wawili wanaendesha boda boda Kasese. “Mimi sikuuchukia mgodi, binti yangu,” alisema. “Nilichukia walivyoondoka kama watu wanaoacha hoteli, kitanda hakijatandikwa.” Nimeliwaza jibu hilo tangu wakati ule, na ninaona kwamba ziara inayowaonyesha watu Kilembe ina wajibu wa kuwaonyesha kitanda chenyewe. Anayetaka mgodi urudi na anayetaka usirudi wote wanahitaji kusimama kwenye yale malundo kwanza, na kumuuliza atakayekuja ataziweka wapi kilo 980 zake.

Kwa hiyo, je, niwashauri mwende? Ndiyo, na mwende mapema wakati wazee waliofanya kazi mgodini wangali na nguvu za kutembea, kwa kuwa vijana wawili wanaofunzwa kuwarithi wanaijua njia lakini hawakuwahi kuisikia mashine ikinguruma. Kwa mwongozaji ningetoa nyota zote tano. Kwa chakula pia. Kwa malazi ningetoa tatu, na mbili kwa vifaa vya usalama mpaka kofia zibadilishwe. Kwa ratiba natoa mbili, nikijua kwamba ni kitu cha kurekebishwa kwa kalamu tu bila kutumia shilingi hata moja.

Mkienda, chagueni Juni hadi Agosti au Januari na Februari, maana Mei na Novemba mto hauna dhamana. Bebeni maji yenu ya kunywa kutoka Kasese ya kutosha siku mbili. Gambuti zao ni nzuri lakini saizi ndogo za watoto hazipo, kwa hiyo walimu waulize kabla. Msiwaache watoto wakwangue mawe ya kijani wala kuchezea mchanga wa malundo, na nawaeni mikono kabla ya kula hata kama mnaiona misafi. Na wakati wa kuweka nafasi kwa simu, ombeni kwamba siku ianzie mtoni, asubuhi, kabla ya mawingu kushuka, halafu handaki lije baadaye. Nimeuliza, na inawezekana. Mzee mwenyewe aliniambia angependa hivyo. Akiwafikisha kwenye jiwe lenye alama nyekundu, mwambieni awaonyeshe ile ya tatu.